Mvuke Ni Wetu, Lugha Ni ya Nani?

Wahenga walinena kuwa asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Hata hivyo, hawakutuachia methali ya kutuongoza pale ambapo mwulizaji ameuliza kwa ufasaha, na yule aliyepaswa kumjibu akakosa maneno. Mimi ndimi niliyekosa maneno. Makala haya yanatokana na aibu hiyo.

Nilikuwa nimekwenda kumjulia hali jamaa yangu katika sehemu moja ya Kaunti hii ya Nakuru. Mradi uliojadiliwa siku hiyo sitautaja, kwa kuwa kisa chenyewe kingeweza kutukia popote katika Bonde la Ufa. Baraza lilifanyika katika uwanja wa shule ya msingi. Wataalamu walileta ripoti nene ya tathmini ya athari kwa mazingira, nao wakaanza kuieleza kwa Kiingereza. Baada ya muda mfupi, msimamizi wa mkutano alitambua kuwa wazee na akina mama walioketi nyasini hawakuwa wakifuata lolote. Akauliza iwapo palikuwa na kijana awezaye kutafsiri. Jamaa yangu alininyooshea kidole kwa fahari. Huyu, alisema, anasomea Kiswahili chuo kikuu.

Nilisimama. Sentensi mbili za kwanza zilinitoka vizuri, maana zilikuwa za salamu. Ya tatu ilihusu gesi itokayo visimani pamoja na mvuke. Hapo nikakwama, nikasema kwamba kutatoka "gesi fulani". Mzee mmoja aliyevaa koti la kijivu akainua fimbo yake.

"Mwanangu," akaniuliza, "gesi fulani ndiyo gesi gani? Hii ya kupikia?"

Watu wakacheka. Mzee hakucheka. Akaendelea, "Sisi hapa twanywa maji ya mvua yatokayo juu ya mabati. Hiyo gesi fulani ikitua kwenye mabati, wajukuu wangu watakunywa nini?"

Nilimtazama mtaalamu, naye akanitazama. Akajibu kwa Kiingereza kwamba viwango vyote vitakuwa chini ya kikomo kilichowekwa na sheria. Nami nikatafsiri kwamba hakuna shida. Ni baadaye nilipotambua kuwa nilikuwa nimempa mzee wa watu ahadi ambayo hata mtaalamu mwenyewe hakuitoa. Nilipopata kuziona kumbukumbu za mkutano ule, swali la mzee lilikuwa limeandikwa kwa maneno machache ya Kiingereza yenye maana ya "wasiwasi kuhusu maji". Mabati hayakuwemo, wala mvua, wala wajukuu.

Hoja ya makala haya ni kwamba siasa ya nishati na kanuni za mazingira katika Bonde la Ufa haziwezi kuwa za haki iwapo wanaoathiriwa hawazielewi kwa lugha wanayoimudu. Aidha, lawama ya jambo hili haiwaangukii wanasiasa, mawakili na wahandisi peke yao. Sehemu yake inatuangukia sisi tunaojiita wapenzi na wataalamu wa Kiswahili.

Mgala muue na haki yake mpe. Mvuke wa Bonde la Ufa umeifaa nchi hii. Utafutaji wa mvuke kule Olkaria, karibu na Ziwa Naivasha, ulianza katika miaka ya 1950, na mtambo wa kwanza wa kuzalisha umeme, wenye uwezo wa megawati 15, ukaanza kazi mwaka wa 1981. Leo Kenya inaongoza barani Afrika kwa umeme wa jotoardhi. Uwezo wa mitambo yake umepita megawati 900, na sehemu kubwa mno ya uwezo huo iko papo hapo Olkaria. Kule Menengai, juu ya jiji la Nakuru, Kampuni ya Ustawishaji wa Jotoardhi ilianza kuchimba visima mwaka wa 2011, na mtambo wa kwanza wa megawati 35 ukaanza kutoa umeme mwaka wa 2023. Umeme huu hautegemei mvua kama ule wa mabwawa, wala hauchomi mafuta yanayoagizwa kutoka ng'ambo. Asiyeona faida hiyo ana lake jambo. Mwandishi wa makala haya anasoma usiku kwa taa inayowashwa, kwa kiasi kikubwa, na mvuke huo.

Lakini faida ya taifa zima haifuti swali la mtu mmoja. Anayepata taa Mombasa au Kisumu hasikii harufu ya visima. Harufu huibakia Naivasha, na kelele ya mvuke hubakia na walio jirani nayo. Kwa sababu hiyo sheria iliwapa majirani hao nafasi ya kusema kabla ya mradi kuidhinishwa. Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ilitungwa mwaka wa 1999, nayo ndiyo iliyozaa mamlaka ya mazingira tuijuayo kwa jina la NEMA. Kanuni za mwaka wa 2003 zilizotungwa chini ya sheria hiyo zilimtaka mwenye mradi abandike matangazo, achapishe ilani gazetini, atangaze redioni kwa lugha rasmi na kwa lugha za wenyeji, na afanye mikutano isiyopungua mitatu na watu watakaoathiriwa. Zilitaka pia ripoti iambatane na muhtasari usiokuwa na lugha ya kitaalamu.

Mtu akizisoma kanuni hizo upesi upesi atadhani mambo yamekamilika. Akizisoma kwa makini atagundua pengo. Tangazo la mkutano lilipaswa kumfikia mwenyeji kwa lugha yake, ila muhtasari wa ripoti yenyewe haukuwekewa sharti la lugha. Ni sawa na kumwalika mgeni karamuni kwa lugha aielewayo, kisha akifika, chakula kikawekwa kwenye rafu asiyoweza kuifikia.

Katiba ya mwaka wa 2010 ilikuja kulitilia nguvu suala hili. Kifungu cha 7 kilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na, pamoja na Kiingereza, lugha rasmi. Kifungu cha 42 kilimpa kila mtu haki ya mazingira safi na salama. Kifungu cha 69 kiliitaka Serikali ihimize ushiriki wa umma katika kuyasimamia na kuyahifadhi mazingira. Baadaye, Sheria ya Kupata Habari ya mwaka wa 2016 ilimruhusu mwananchi aandike ombi lake kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ikazitaka taasisi za umma zizingatie lugha ya mahali zinaposambaza habari. Kwa hivyo, mzee wa koti la kijivu hakuwa akiomba hisani. Alikuwa akidai haki yake.

Tukitaka kuona gharama ya kuipuuza haki hiyo, hatuna haja ya kwenda mbali. Mwaka wa 2014, ili kupisha mradi wa Olkaria IV wenye megawati 140, jamii za Wamaasai za vijiji vinne zilihamishwa na kupewa makao mapya katika ardhi ya takriban ekari 1,700 iliyokuja kuitwa RAPland. Zilijengewa nyumba za kudumu na shule. Hata hivyo, mnamo Oktoba mwaka huohuo, baadhi ya waliohamishwa walipeleka malalamiko kwa Jopo la Ukaguzi la Benki ya Dunia, kwa kuwa benki hiyo ilikuwa miongoni mwa waliotoa fedha. Jopo lilichunguza, na ripoti yake ya mwaka wa 2015 ikataja kasoro kadhaa. Miongoni mwazo ni kwamba lugha ya Maa haikutumiwa ipasavyo katika mashauriano, na kwamba baraza la jadi la wazee halikupewa nafasi yake. Ilibidi wapatanishi waingilie kati, na makubaliano baina ya jamii hiyo na kampuni ya KenGen yakafikiwa mwaka wa 2016, miaka miwili baada ya watu kuhama.

Hapa sina budi kusimama kidogo, maana kisa hiki kinatugusa sisi Waswahilina kwa namna ambayo huenda tusiipende. Tumezoea kulalamika kwamba Kiingereza kimekikalia Kiswahili. Nyani, wanasema, haoni kundule. Kwa bibi wa Olkaria aliyezungumza Kimaasai maisha yake yote, Kiswahili nacho ni lugha ya afisa, ya polisi na ya mfanyabiashara wa mjini. Akiambiwa mambo ya ardhi yake kwa Kiswahili peke yake, hajatendewa haki. Amebadilishiwa mlango uliofungwa tu. Kifungu kilekile cha 7 tunachopenda kukinukuu kinaitaka Serikali pia ikuze na kulinda lugha za jamii za Kenya. Anayekinukuu kipande kimoja na kukiacha kingine anaipotosha Katiba. Kwa maoni yangu, kazi ya Kiswahili katika miradi hii ni kuwa daraja: kuyatoa maarifa kwenye Kiingereza cha wahandisi, kuyafikisha kwa wengi, na kumsaidia mkalimani wa Kimaasai, wa Kikalenjin au wa Kigikuyu apate mahali pa kuanzia.

Upo mfano mwingine, na huu unatoka katika chimbuko la lugha yetu. Lamu, nyumbani kwa tenzi na washairi, ilipangiwa kituo cha umeme wa makaa ya mawe cha megawati 1,050. NEMA ilitoa leseni mwaka wa 2016. Wakazi walikwenda mbele ya Baraza la Kitaifa la Mashauri ya Mazingira, na mnamo Juni 2019 baraza hilo likaifuta leseni. Sababu kubwa ilikuwa ushiriki wa umma. Mikutano iliyofanywa mwanzoni ilikuwa ya kuutambulisha mradi, ilhali ripoti yenyewe ilipokuwa tayari, watu hawakupewa fursa ya kutosha ya kuielewa na kuitolea maoni. Funzo lililomo ni kubwa: kukutana na watu si sawa na kuwaelewesha. Karatasi yenye sahihi mia tatu za waliohudhuria huthibitisha kuwa watu mia tatu walifika, basi.

Wenzangu katika taaluma hii, tuyaangalie maneno yenyewe. Redioni na mabarazani twasikia kila siku neno "ushirikishwaji". Tulinyambue kama tulivyofundishwa darasani. Kitenzi ni shiriki. Katika kauli ya kutendesha tunapata shirikisha, na katika kauli ya kutendeshwa tunapata shirikishwa. Ushirikishwaji, basi, ni hali ya mtu kufanywa ashiriki na mwingine. Mwenye uwezo ni yule anayeshirikisha. Mwananchi hungoja kushirikishwa, na asiposhirikishwa hana la kufanya. Ushiriki, kinyume chake, ni tendo la mwananchi mwenyewe. Tofauti ya viambishi viwili inabeba falsafa mbili za utawala. Mimi natetea neno fupi.

Au tuchukue kitenzi hama. Ripoti za Kiingereza zina nomino yao moja baridi ya jambo hili, nayo haisemi nani alitenda wala nani alitendwa. Kiswahili hakimruhusu mwandishi kujificha kwa urahisi hivyo. Akisema "wanakijiji walihamia RAPland," amesema walikwenda kwa hiari yao. Akisema "walihamishiwa RAPland," amekiri kuwa kuna aliyewahamisha, na msomaji ana haki ya kuuliza ni nani. Huu ndio ubora wa lugha yetu katika mambo ya sheria, nao hatujautumia. Tunamaliza miaka minne tukiinyambua mizizi ya vitenzi katika mitihani, kisha tunawaachia wengine waandike ripoti zinazoamua nani ataishi wapi.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba sayansi ya mvuke ina istilahi ambazo Kiswahili hakina. Watasema pia kuwa tafsiri ni ghali na itachelewesha umeme ambao viwanda na hospitali zinauhitaji. Hoja ya kwanza ina ukweli nusu. Istilahi nyingi tunazo tayari: jotoardhi, mvuke, kisima, mtambo, shinikizo, kikomo. Zinazokosekana zaweza kutoholewa au kuelezwa kwa maneno ya kawaida. Mzee hakuhitaji fomula ya kemia. Alihitaji kujua gesi ile ni ipi, hunukaje na hudhuru vipi. Kuhusu gharama, jirani zetu wametutangulia. Kanuni za Tanzania za mwaka wa 2005 kuhusu tathmini ya mazingira zilitaka muhtasari wa ripoti uandikwe kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Kurasa kadhaa za Kiswahili haziwezi kuufilisi mradi unaogharimu mabilioni ya shilingi. Na kuhusu kuchelewa, tuwaulize waliohusika na Lamu na Olkaria: ni kipi kilichochelewesha zaidi, kutafsiri mapema au kushtakiwa baadaye?

Kuna jambo jingine linalohusu fedha. Sheria ya Nishati ya mwaka wa 2019 iliweka mrabaha utozwao kwa nishati ya jotoardhi, na ikaugawa hivi: asilimia 75 kwa serikali ya taifa, asilimia 20 kwa kaunti, na asilimia 5 kwa jamii ya mahali. Mgao huo ni wa haki au si wa haki? Hilo ni swali la siasa, na wananchi wa Naivasha, Gilgil na Nakuru wana haki ya kulijadili. Ila watalijadilije, hali wengi wao hawajawahi kuisoma sheria hiyo kwa lugha wanayoitumia sokoni? Mali bila daftari huisha bila habari. Na daftari lililoandikwa kwa lugha usiyoisoma ni sawa na kutokuwa na daftari.

Wanasiasa wetu wanalijua jambo hili vizuri kuliko wanavyokiri. Wakati wa kampeni hawaji kwetu na Kiingereza. Huja na Kiswahili kitamu chenye methali na mizaha, na wengine huongeza maneno mawili matatu ya lugha ya mama. Uchaguzi ukiisha, mikataba hutiwa sahihi kwa Kiingereza, na siku ya kuuzindua mtambo Kiswahili hurejea tena jukwaani, safari hii kwa ajili ya pongezi. Kura huombwa kwa Kiswahili, idhini huchukuliwa kwa Kiingereza. Anayeweza kutuomba kura kwa lugha yetu anaweza pia kutueleza kwa lugha hiyohiyo kile anachokifanya chini ya ardhi yetu.

Napendekeza mambo manne. Kwanza, pasitolewe leseni ya mradi wowote wa nishati kabla ya muhtasari wa Kiswahili kupatikana katika ofisi za machifu, maktaba na shule za eneo husika, wiki kadhaa kabla ya mkutano. Pili, mikutano iendeshwe kwa lugha ya mahali, pakiwepo mkalimani aliyeandaliwa na kulipwa, wala si kijana aliyeokotwa kwenye umati kama mimi. Tatu, maswali ya wananchi yaandikwe kama yalivyoulizwa, kwa maneno ya mwulizaji, na jibu lake liandikwe chini yake. Swali la mabati lisigeuzwe kuwa wasiwasi kuhusu maji, kwa sababu wasiwasi hutulizwa, na swali hujibiwa.

Nne, na hili ni letu sisi, vyama vya Kiswahili vya vyuo vikuu vya Bonde la Ufa vianzishe kazi ya kukusanya istilahi za nishati na mazingira na kuzifasili kwa lugha nyepesi. Tusizibuni tukiwa tumejifungia chumbani. Twende kwa mafundi wa visima na wafugaji wanaochunga karibu na mabomba, tuulize wanaviitaje vitu hivyo, maana aghalabu jina limekwisha kupatikana huko kabla sisi hatujaanza kulitafuta. Wahadhiri wetu wanaosimamia tasnifu wanaweza kuitambua kazi ya namna hii kuwa utafiti halali. Uchambuzi wa riwaya na mashairi usiachwe. Mimi mwenyewe niliupenda Kiswahili kwa sababu ya mashairi. Lakini lugha inayohakikiwa kwa ustadi darasani na kushindwa kutaja gesi barazani ina upungufu, na upungufu huo ni wetu.

Nimebaki na deni. Sijui kama mzee wa koti la kijivu atapata kuyasoma makala haya, lakini jibu nililopaswa kumpa siku ile ni hili.

Mzee wangu, gesi hiyo si ya kupikia. Wataalamu huiita haidrojeni salfaidi. Hunuka kama yai viza. Ikiwa kidogo, huwasha macho na pua. Ikizidi sana huweza kuua, na kabla ya hapo huifisha pua isisikie harufu tena. Kwa hivyo ukiacha kuisikia, usidhani imekwenda zake. Kuhusu maji ya mabati, mimi sina uwezo wa kukuambia kuwa hakuna shida, na nilikosea kusema hivyo. Waulize wenye mradi mambo matatu: maji yako yatapimwa mara ngapi, atakayeyapima ni nani, na matokeo yatabandikwa wapi. Wakikujibu, waambie waandike majibu hayo kwa lugha ambayo wajukuu wako wanaweza kukusomea.